UZI: Kumpa kazi mbunifu majengo – huduma, ada na malipo, yaandikwe kabla ya kuchimba msingi

#1 – Pimamaji (mbunifu majengo, Dar)

Wakuu, swali la "ramani ya vyumba vitatu ni shilingi ngapi?" linarudi humu kila mara, na majibu yanaanzia laki na nusu hadi milioni nane. Wote wanaojibu wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja anataja bei ya kitu chake. Wa laki na nusu anauza karatasi nne za picha. Wa milioni nane anahesabu kupima kiwanja, michoro ya kazi, kibali na kufika saiti mpaka unakabidhiwa nyumba. Usijadili bei na mtu yeyote kabla orodha ya kazi haijaandikwa. Hilo ndilo kubwa la uzi huu. Nitazungumzia Tanzania Bara, wa Zanzibar na Kenya waongezee kwao.

Kwanza, nani ni nani. Mbunifu majengo anapanga nafasi, sura, mwanga, hewa, paa, vifaa na namna jengo linavyokaa kwenye kiwanja. Mhandisi wa miundo anakokotoa msingi, nguzo, bimu na slabu. Mkadiriaji majenzi anatengeneza BOQ (orodha ya kazi na vifaa, na vipimo na bei zake) na kukagua madai ya malipo ya mkandarasi. Mkandarasi anajenga. Mbunifu na mkadiriaji wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB), inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya 2010. Mhandisi yuko ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), mkandarasi yuko CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi).

Kabla ya kikao cha pili omba vitu viwili: namba ya usajili ya mtu mwenyewe na namba ya usajili ya kampuni. Hakiki zote mbili kwenye bodi. Kosa linaloumiza watu wengi ni muhuri wa kukodi: kijana anayejua kuchora kwenye kompyuta anachora, halafu anamlipa mwenye muhuri agonge bila kuisoma kazi. Siku mchoro ukiwa na kasoro, aliyegonga muhuri hakujui, na aliyechora hana usajili wa kumshtakia. Dawa yake ni kwamba jina litakalogonga muhuri ndilo litie sahihi kwenye mkataba wako. Jina likitofautiana, uliza kabla hujalipa hata senti.

Kwenye kikao cha kwanza nenda na nakala ya hati au ofa, ramani ya upimaji yenye namba za bikoni, na kiwango cha pesa ulichonacho kweli. Watu wanaficha bajeti wakidhani watapandishiwa ada. Matokeo yake wanachorewa nyumba ya milioni 200 wakiwa na 90, na kazi yote inarudiwa.

Mbunifu naye anapaswa kukifikia kiwanja kabla ya kuchora. Akichora bila kufika, hajui mteremko, na mteremko unakula pesa kimyakimya. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 12 kwenye kiwanja kinachoshuka kwa asilimia 10. Kutoka upande wa juu hadi wa chini kuna tofauti ya mita 1.2. Ukuta wa msingi wa nje unaongezeka karibu mita za mraba 29, yaani matofali yasiyopungua 350 ya inchi 6 yakilazwa, na ndani unahitaji kifusi karibu mita za ujazo 86. Hapo sijagusa kuta za ndani. Mbunifu aliyefika angeweza kuigawa sakafu katika ngazi mbili, au kuigeuza nyumba ifuate mteremko. Ramani ya kupakua mtandaoni haijui kiwanja chako kinashukia wapi.

Akiwa huko huko aangalie na haya: barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, ukingo wa bahari, ziwa na mto una katazo la mita 60 kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, maji ya mvua ya jirani yanapita wapi, shimo la maji taka litakaa wapi bila kukaribia kisima, gari la kunyonya litafikaje.

#2 – Pimamaji

Naendelea. Orodha ya kazi yenyewe ina hatua, na kila hatua iishie kwenye kitu unachoweza kukishika mkononi.

Hatua ya mahitaji: maandishi ya ukurasa mmoja au miwili yanayotaja vyumba, ukubwa wake, watu watakaoishi, magari mangapi, kama utajenga kwa awamu, na bajeti. Hatua ya mchoro wa awali: mpangilio wa vyumba, namna nyumba inavyokaa kwenye kiwanja, na sura ya mbele. Hapa ndipo pa kubishana, hapa ndipo pa kufuta na kuchora upya. Ukuta ukihamishwa hapa ni dakika chache. Ukihamishwa baada ya michoro ya kazi unagusa mpango wa sakafu, mikato (michoro ya jengo likionekana kama limekatwa wima), paa, umeme, maji na hesabu za mhandisi.

Kisha seti ya kibali: mpango wa kiwanja, mpango wa kila sakafu, sura nne, mikato isiyopungua miwili, paa, msingi, mfumo wa maji taka, jedwali la milango na madirisha. Kisha michoro ya kazi, ambayo fundi anaitumia: vipimo vyote, mikato ya karibu kwa skeli ya 1:20 au 1:10 ya dirisha, ngazi, kingo za paa na sakafu ya bafu. Wengi wanalipia seti ya kibali wakadhani wamepata na hii. Hawajapata, na fundi anaamua mwenyewe saiti.

Usaidizi wa kumpata mkandarasi na usimamizi wa ujenzi ni huduma zinazojitegemea. Zisipotajwa hazimo.

#3 – BintiKibaha

Shukrani mkuu. Swali: ada ni asilimia ya gharama ya ujenzi au mnapatana bei moja? Na nani analipa ada ya kibali halmashauri?

#4 – Mkadiriaji_Dodoma

Dada, nijibu mimi upande wa namba.

Njia zipo nne: asilimia ya gharama ya ujenzi, bei moja ya kazi nzima, bei kwa mita ya mraba, na malipo kwa muda. Kwa nyumba ya mtu binafsi mimi napendelea mchanganyiko. Asilimia itumike kukokotoa tu, halafu igeuzwe kuwa shilingi na kugandishwa pale unapoidhinisha mchoro wa awali pamoja na makadirio yake. Ukiacha asilimia ielee juu ya gharama halisi, saruji na nondo zikipanda bei ada ya mbunifu inapanda nazo ingawa kazi yake haijaongezeka. Pia unampa sababu ya kutochagua kigae cha bei nafuu.

Mfano, na asilimia 5 nimeiweka kwa ajili ya hesabu tu, siyo bei elekezi. Nyumba ya mita za mraba 160, makadirio Sh 120,000,000. Ada ni Sh 6,000,000. Igawe hivi: kusaini mkataba 900,000, mchoro wa awali ulioidhinishwa 1,200,000, seti kamili ya kibali na michoro ya kazi mkononi 1,800,000, kibali kutoka 600,000, usimamizi 1,500,000.

Angalia kwamba malipo ya kusaini ni asilimia 15. Ukilipa nusu siku ya kwanza, huna cha kumvutia akikwama halmashauri. Na usimnyime kabisa malipo ya kuanza, kwa sababu safari ya kiwanja na vipimo ni gharama yake ya siku ile ile. Ile 600,000 ya kibali ifungwe kwenye kazi iliyo mikononi mwake. Akiwasilisha michoro sahihi, akajibu hoja zote za wakaguzi, na faili likachelewa kwa sababu wewe hujalipa kodi ya ardhi, hapaswi kukosa pesa yake. Andikeni hilo.

Ada ya kibali ya halmashauri hulipwa na mwenye nyumba kwa namba ya malipo ya serikali inayotoka kwa jina lake, siyo kupitia mfuko wa mbunifu. Nakala za karatasi, usafiri wa nje ya mkoa na vipimo vya udongo vitajwe kama viko ndani ya ada au vinarudishwa kwa risiti. Uliza pia kama bei imejumuisha VAT. Kwenye ada ya 6,000,000, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 ni 1,080,000, na huo siyo mzaha kuugundua kwenye ankara ya mwisho. Mlipaji akiwa kampuni au biashara, kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa huduma za kitaalamu. Unaikata na kuiwasilisha TRA, halafu mtaalamu apewe cheti chake.

Lipa kwenye akaunti ya kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba, udai risiti ya EFD (mashine ya kodi). Usitume kwenye simu ya mtu.

#5 – Nguzo_na_Bimu (mhandisi wa miundo)

Naongeza linalosahaulika: ada ya mbunifu mara nyingi haina mhandisi ndani yake. Mteja anapokea "ramani kamili", anafika halmashauri na ghorofa moja, anaambiwa alete michoro ya miundo yenye muhuri wa mhandisi. Ugomvi unaanza hapo. Mkataba useme wazi: mhandisi analipwa na nani, na anafanya kazi kuanzia hatua ipi.

Mimi nasema aingie kwenye mchoro wa awali, hasa kwa ghorofa. Akiitwa mwisho anakuta nguzo ya juu haikai juu ya nguzo ya chini, na hapo inatakiwa bimu nzito ya kuhamisha mzigo, yenye kina kikubwa na nondo nyingi, sebuleni kwako. Nguzo ingesogezwa nusu mita kwenye karatasi bimu ile isingekuwepo.

Udongo nao. Kwa nyumba ya chini, chimba mashimo mawili au matatu ya mita 1.5 hadi 2 na mhandisi ayaone. Udongo mweusi wa mfinyanzi unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, unainua jamvi (zege la sakafu ya chini) na kupasua kuta kuanzia kwenye pembe za madirisha. Kwa ghorofa, pima maabara. Gharama hii ni ya mwenye nyumba na ipangiwe bajeti tangu mwanzo.

#6 – Mzee wa Saiti

Mkadiriaji umegusa usimamizi kwa neno moja tu. Hiyo 1,500,000 ni ya nini hasa? Maana wengine wanakuja wanapiga picha mbili wanaondoka.

#7 – Pimamaji

Mzee wangu, swali zito. Neno "usimamizi" likiandikwa peke yake halina maana. Andikeni idadi ya ziara na kila ziara inahusu nini. Kwa mfano wa Mkadiriaji, ziara 10 kwa Sh 150,000 kila moja ndiyo hiyo 1,500,000. Mimi nazipanga hivi: kupanga mistari ya msingi, ili nyumba isiingie kwa jirani, nondo za msingi kabla ya zege, jamvi kabla ya zege pamoja na mabomba ya maji taka yakiwa yamelala na mteremko wake, vipimo vya matundu ya madirisha na milango, nondo za lenta na ringi bimu, kenchi kabla ya bati, mabomba ya maji na ya waya kabla ya plasta, marumaru, milango na vifaa vya bafu, ukaguzi wa makabidhiano, ukaguzi wa mwisho kipindi cha kasoro (miezi ya baada ya makabidhiano ambayo mkandarasi anarekebisha kasoro) kinapoisha.

Nondo anazikagua mhandisi, kwa hiyo ziara hizo waende wote wawili. Fundi atoe taarifa siku mbili kabla ya kumwaga zege. Zege likimwagwa bila ukaguzi, mbunifu haruhusiwi kulithibitisha kwa kusikia. Kila ziara iishe na karatasi yenye tarehe, kilichoonekana, kinachorekebishwa, nani anarekebisha na lini. Unalipia karatasi hiyo ikiwa mkononi. Picha bila maelezo usizilipie.

Na ieleweke: mbunifu wa ziara siyo msimamizi wa kutwa. Kuhesabu mifuko ya saruji na kulala saiti ni kazi ya mtu mwingine mwenye mshahara wake.

#8 – Mswahili_Muscat

Wakuu salaam. Niko Oman, najenga Tanga. Pesa natuma mwenyewe kwa fundi kila akiomba. Naanzaje kuweka utaratibu huu katikati ya safari?

#9 – Mkadiriaji_Dodoma

Ndugu, simamisha kutuma kwa maombi ya simu. Mlipe mkadiriaji afike mara moja, apime kilichojengwa na akitolee thamani, alinganishe na ulichokwisha kutuma. Kuanzia hapo malipo yatoke kwa hati ya malipo: fundi anadai kazi iliyokamilika, mbunifu anathibitisha ubora, mkadiriaji anathibitisha kiasi, wewe unalipa. Kwenye kila malipo zuia asilimia fulani, 5 hadi 10, irudishwe nusu siku ya makabidhiano na nusu kipindi cha kasoro kikiisha, ambacho huwa miezi 6 au 12. Kubaliana na fundi kwanza kwa maandishi, maana hakuanza kwa masharti hayo.

Ukimteua ndugu akuwakilishe, mpe barua inayotaja mipaka: anaweza kupokea nyaraka na kuhudhuria vikao, ila hawezi kubadilisha mchoro wala kuidhinisha malipo. Mabadiliko ya shangazi anayepita saiti na kusema "hapa wekeni dirisha" yameharibu majengo mengi.

#10 – BintiKibaha

Na mabadiliko ninayoyataka mimi mwenyewe? Mbunifu ananiambia kila nikigusa kitu nalipa.

#11 – Pimamaji

Dada, iandikwe idadi na mpaka. Kifungu ninachokipendekeza kinasomeka hivi:

"Ada hii inahusu jengo lisilozidi mita za mraba 160 na marekebisho mawili ya mchoro wa awali. Mteja akishaidhinisha mchoro kwa sahihi, badiliko lolote linalohamisha ukuta, ngazi, choo au paa litalipiwa kwa bei ya kila karatasi inayoguswa iliyotajwa kwenye jedwali, baada ya mteja kukubali gharama hiyo kwa maandishi. Kosa la mbunifu, au sharti la halmashauri ambalo mbunifu alipaswa kulijua, litarekebishwa bila malipo."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayokulinda. Isikosekane. Bila hiyo utalipia kurekebisha ukuta uliochorwa ndani ya umbali usioruhusiwa kutoka mpakani.

#12 – Nyuma ya Ngome (Unguja)

Kwa wa Zanzibar: nyumba ya Mji Mkongwe ina njia yake. Eneo liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kazi hupita kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Huko msikubali bei moja tangu mwanzo, wala mbunifu asiitoe. Kwanza lipia upimaji wa jengo lilivyo, kama kazi inayojitegemea: kila ukuta, kila boriti, kila mpasuko. Ukuta wa mawe na chokaa unaficha mengi hadi ufunguliwe plasta. Baada ya ripoti hiyo ndipo mpatane ada ya ubunifu, na kwa yatakayogunduliwa kazini mkubaliane malipo kwa saa yenye kikomo cha mwezi. Muulize pia mbunifu atatumia nini kupiga plasta. Akisema saruji, tafuta mwingine. Saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na plasta inabanduka na mawe nayo.

#13 – Msanifu wa Pwani (Mombasa)

Kenya majina ni mengine, misingi ni ile ile. Wasanifu na wakadiriaji wako chini ya bodi yao, BORAQS, kwa Sura ya 525 ya sheria, wahandisi chini ya bodi yao, EBK, na mradi unasajiliwa NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) kabla ya kuanza. Kanuni za Sura hiyo zina jedwali la ada, kwa hivyo mteja aulize msanifu wake ametumia jedwali au wamepatana vingine, na iandikwe.

#14 – Mzee wa Saiti

Tukiachana njiani je? Michoro ni ya nani?

#15 – Pimamaji

Mzee, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi ya usanifu majengo inalindwa, na kumlipa mbunifu hakukupi haki ya kuijenga mara tano. Kwa hiyo mkataba ukupe ruhusa ya kuijenga nyumba hiyo moja kwenye kiwanja hicho, kuirekebisha na kuipanua baadaye, na ruhusa hiyo iendelee hata mkiachana, ilimradi umelipia hatua zilizokamilika. Ukitaka faili za DWG (zinazoweza kurekebishwa kwenye kompyuta) na siyo PDF peke yake, liandikwe sasa. Kulidai baada ya ugomvi ni kazi bure.

Kuachana: kila upande utoe notisi ya maandishi, siku 14 zinatosha kwa nyumba. Hatua iliyokamilika inalipwa yote. Iliyo katikati inalipwa kwa kiasi kilichochorwa, na karatasi zikabidhiwe kama zilivyo. Mradi ukisimama zaidi ya miezi 6 kwa sababu ya mteja, ada ya hatua zilizobaki ijadiliwe upya, maana bei na masharti ya halmashauri huenda yamebadilika. Mbunifu mpya kabla ya kuipokea kazi awasiliane na wa zamani ajue kama kuna deni.

Mgogoro: kaeni kwanza mezani na mkataba mbele yenu. Kama ni mwenendo wa kitaaluma, lalamiko linaenda AQRB. Kama ni pesa, kifungu cha usuluhishi kitaje atakayewateulia msuluhishi. Baraza la Taifa la Ujenzi linashughulika na migogoro ya sekta hii.

#16 – Nguzo_na_Bimu

Jambo moja la saiti kabla uzi haujashuka. Angalia kona ya chini kulia ya kila mchoro. Panatakiwa pawe na jina la mradi, namba ya kiwanja na kitalu, namba ya mchoro, skeli, tarehe, herufi ya toleo, sahihi na muhuri wenye namba ya usajili. Herufi ya toleo ndiyo inayopuuzwa. Mchoro wa sakafu ukiwa toleo C na wa msingi ukiwa bado toleo A, fundi anachimba msingi wa ukuta uliokwisha kuhamishwa. Kila toleo jipya likitoka, mbunifu atume orodha ya michoro yote na matoleo yake, na seti ya zamani iondolewe saiti siku hiyo hiyo.

#17 – BintiKibaha

Nimeelewa. Nitarudi kwa mbunifu na orodha ya hatua, mgawanyo wa malipo, ziara 10 na kifungu cha marekebisho. Akikataa ziara kwa idadi?

#18 – Pimamaji

Muulize atakuwa anafanya nini katika huo usimamizi, na uandike anachosema. Akikupa jibu la kueleweka, geuzeni jibu hilo kuwa kifungu. Asipokupa, chukua michoro tu kwake, na usimamizi umpe mbunifu mwingine aliyesajiliwa. Hilo linaruhusiwa, ila aisome michoro yote na kuikubali kwa maandishi kabla ya ziara ya kwanza.